Kura ya Tanuri Baridi

Kiden,

Begi lako limesimama mlangoni tangu asubuhi na kila anayeingia analigonga kwa goti, kisha ananitazama utadhani ni mimi ninayesafiri. Mama Nakato wa duka la hapo mbele amekuja mara tatu kuchungulia kama nimelia. "Mama Kiden, wewe iko nalia?" Nikamwambia silii, nimechoka tu. "Eeh! Wewe nachoka sababu nakataa kulia," akasema, akajichukulia mkate uliobaki na kwenda zake. Wewe uko mtaani Thongpiny unafuatilia tiketi. Nimefunga tanuri mapema niandike wakati jua bado lipo, maana jenereta la jirani likianza kunguruma sina akili tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kibari chetu hukufundishwa kukisoma, na Kiingereza changu ni cha kuombea kazi, kinanifanya niongee kama tangazo la ofisi. Kiswahili ndicho tulichokaa nacho Eldoret miaka ile yote ya ukimbizi, kabla ya kurudi huku Juba, mimi nikifua nguo za watu na wewe ukisoma kwa masista. Ndicho tulichogombania na kupatania.

Sitasema lolote juu ya soksi, dawa wala pasipoti. Hayo umeambiwa na parokia nzima. Hata kijana wa bodaboda pale stejini alikuwa na ushauri wake kuhusu baridi ya Ujerumani, yeye ambaye baridi pekee anayoijua ni ya Kabale kule Uganda. Mimi nataka kukujibu jambo moja tu.

Jumapili tulipokuwa tukichekecha unga uliniambia, bila kunitazama, "Mama, wanasema mwaka huu wa kujitolea kwao ukiisha naweza kuomba shule yao ya uuguzi. Miaka mitatu, labda zaidi. Lakini wewe ukiniambia taal, njoo, mimi narudi, kalas, yameisha. Si wewe mwenyewe uliacha kila kitu kule ukarudi kwa ajili yangu?"

Nikakuambia uangalie moto. Moto wenyewe ulikuwa umeshazimika. Watu wote wa nyumba hii wanasema "mwaka mmoja" na hakuna anayeuamini, na mimi najua kwamba neno langu moja lingekurudisha. Ndiyo maana sikulisema. Kabla sijalisema, au sijalimeza, lazima ujue mimi nilirudi vipi.

Kijiji unachokwenda ndicho kile nilichokaa mimi. Nilikwenda ukiwa na miaka minne. Baba yako alikuwa ameshakufa vitani, kaka zako walikuwa wamechukuliwa na mjomba wenu, na wewe nilikuacha Arua, ukimbizini Uganda, kwa bibi yako, mama yangu mimi. Padri mmoja alikuwa amenipatia kazi ya kumtunza bikizee aliyeishi peke yake. Alikuwa anaitwa Anna. Wao humwita bibi "Oma", mimi nilimwita Nyanya.

Ni kijiji kidogo, utakimaliza kwa miguu kabla hujamaliza kuimba wimbo mmoja wa kanisani. Nyumba zake za zamani ni za miti na udongo. Siku ya kwanza nilicheka mwenyewe: nimepanda ndege mbili nije nilale kwenye nyumba ya udongo! Ila udongo wao umepakwa chokaa nyeupe, na juu ya mlango wamechonga mwaka ilipojengwa pamoja na sala ya kumwomba Mungu awakinge na moto. Wana sababu. Zamani sana askari wa vita vya dini walikichoma kijiji chote, ukabaki mnara wa kanisa, na bado wanakisimulia kisa hicho kana kwamba moshi uliisha juzi.

Kila nyumba ina jina lake, na watu huitwa kwa jina la nyumba, si la ukoo. Nyumba yetu ilikuwa inaitwa Kwa Mhunzi, ingawa hakuna aliyegonga chuma mle tangu enzi za babu wa babu zao. Jumamosi kila mtu anafagia barabara mbele ya nyumba yake, mpaka katikati kabisa, pale ufagio wake unapokutana na wa jirani wa ng'ambo. Ijumaa Kuu kengele hazilii. Watoto huambiwa kwamba kengele zimekwenda Roma, na wao huzunguka na vyombo vya mbao vya kupigia kelele ili kuwaita watu kwenye sala. Usiku wa Pasaka wanawasha moto mkubwa mlimani, na vijana wanalinda lile rundo la kuni siku nzima wasije vijana wa kijiji jirani wakaliwasha kabla ya wakati. Utayapenda haya, nakujua. Mimi pia niliyapenda.

Lakini usidhani kijiji chenye maua madirishani hakina makaburi ya kukifanya kinyamaze. Ukutani kando ya kanisa kuna majina ya waliokufa katika vile vita vikubwa viwili, jina la ukoo mmoja limerudiwa mpaka macho yanachoka. Na kuna nyumba moja chini kidogo ambayo hawapendi kuwataja waliokaa humo zamani. Nyanya Anna alinong'ona kwamba walikuwa Wayahudi, wakachukuliwa, na majirani wakagawana meza na viti vyao. Watu wazima wa pale wanajua viti hivyo viko katika nyumba zipi. Sisi wa Juba tusijifanye kushangaa, maana hata hapa kuna watu waliochukuliwa miaka ya vita, na kuna watu wanaolalia vitanda vyao.

Sasa nikupeleke kwenye tanuri. Katikati ya kijiji kuna kijumba cha mawe chenye tanuri la watu wote. Hawaoki kila siku. Jioni ya kuamkia siku ya kuoka, mtu mmoja kutoka kila nyumba huja pale na kuchomoa kibao kidogo ndani ya kofia ya mtunza tanuri. Kibao kina namba, na hiyo ndiyo zamu yako. Wa kwanza hupata tanuri baridi. Anaamka alfajiri, anachoma kuni zake mwenyewe, mzigo mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote, moshi unamwingia machoni, na bado mkate wake mara nyingi hutoka umeungua chini na mbichi katikati. Wa pili anakuta mawe yameshashika joto. Wa tatu na wa nne wanaoka kwa raha zao. Ndiyo maana wanapiga kura, asiwe mtu yuleyule kila siku anayewapashia wengine moto. Namba moja ikimwangukia mtu, anakunja uso, wenzake wanacheka na kumpiga mgongoni, na kesho yake wanaingia kwenye joto lake bila aibu, kwa kuwa wanajua zamu yao nayo inakuja.

Mimi sikuwahi kuchomoa kibao. Mara ya kwanza nilipopeleka unga wa Nyanya Anna, mtunza tanuri, Bwana Gerhard, alinisogezea benchi akaniambia, "Wewe utaoka wa tatu." Mara iliyofuata, wa tatu. Krismasi, wa tatu. Wanawake walinibebea kapu langu. Mkate wangu ulitoka vizuri kama wa bwana harusi, nami nikajisemea, tazama watu hawa walivyo na heshima. Baada ya mwaka ile heshima ikaanza kuniwasha. Walikuwa wakitaniana juu ya vibao vyao, na nikikaribia sauti zinashuka, wananitabasamia, wananiuliza hali ya Sudan. Walikuwa wema kwangu, Kiden. Sikumbuki hata mmoja aliyenitukana. Nilikuwa naenda nyumbani na mkate mzuri na moyo mzito, na nikashindwa kumweleza yeyote kinachoniuma ni nini.

Wewe unajua tunavyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimekulea hivyo, na mimi nililelewa hivyo. Mwenye nyumba ndiye anayetoa jembe. Mgeni akilinyakua mwenyewe ni kama anawaambia wenyeji wake kwamba wamemchosha, au kwamba chakula chao hakitoshi. Basi nikakaa nikangoja nipewe. Nilikuwa na adabu kwelikweli. Nilingoja miaka minne.

Na kumbe nilikuwa naambiwa kila wiki. Nyanya Anna hakuzaliwa pale. Vita vya pili vilipoisha, yeye akiwa msichana mdogo, walifukuzwa kwenye nchi yao ya mashariki, yeye na mama yake, wakatembea siku nyingi wakisukuma mkokoteni. Kijiji kiliwalaza kwenye zizi. Watoto wakawacheka kwa jinsi walivyotamka maneno. Majira ya baridi ya pili, jioni ya kura, mama yake aliingia kwenye kile kijumba bila kualikwa na mtu, akatia mkono ndani ya kofia. Akachomoa namba moja! Alfajiri, katika theluji, wakawasha tanuri kwa kuni mbichi za kuokota msituni, na mkate ukatoka umeungua chini, katikati unanata. Halafu wanawake wakaja, mmoja mmoja, kila mmoja akamega kipande akala pale pale amesimama. "Tangu siku hiyo," Nyanya alikuwa anasema, "tukawa watu wa Kwa Mhunzi."

Alinisimulia hayo nikimwosha miguu. Alinisimulia nikimchana nywele. Mimi nilikuwa naitikia "ndiyo, Nyanya," huku nafikiria kama wewe umekula, kama bibi yako amekufunika vizuri. Nilidhani ni uzee, unarudia maneno. Siku moja alinikamata kifundo cha mkono akaniuliza, "Meri, wewe huna mkono?" Nikamwambia ninayo miwili. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji. Sikujiuliza hata kidogo alikuwa anacheka nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilivunjika kisawasawa.

Alikufa mwezi wa kwanza. Kule, mtu akifa, nyumba za majirani zinajua kazi zao toka zamani. Nyumba hii inapeleka habari, ile inapiga kengele, wanaume wa nyumba nne za karibu wanabeba jeneza, wanawake wao wanaoka keki za matanga. Hawakai kikao, hakuna anayemwamrisha mwenzake. Mimi niliyemwosha, niliyemlisha kwa kijiko, niliyemfumba macho, nilipewa kiti karibu na jiko na blanketi la kuweka magotini. Niliinuka kwenda kukanda unga, mwanamke mmoja akanishika mabega kwa upole akanirudisha. "Wewe pumzika, Meri. Umefanya mengi." Nikapumzika. Nikakaa pale kama mjumbe wa serikali ya mbali, nikiangalia watu wanamzika mtu wangu. Sijawahi kuaibika kama nilivyoaibika kwenye kile kiti, na hakuna aliyenikosea.

Wiki ile ile padri alikuja na habari njema. Kulikuwa na kazi jikoni katika shule ya watoto wadogo. Kulikuwa na vyumba viwili juu ya ukumbi wa parokia. Walikuwa wameanza kutafuta njia ya kukuleta wewe, Kiden. Fomu zilikuwa mezani. Nisingelazimika kukuacha tena.

Nikakataa. Nikasema, "Hapana, mwanangu ananingoja nyumbani." Wakalia, wakanisifu, wakasema huyu ndiye mama. Nikarudi.

Hiyo ndiyo habari niliyokuficha. Ukiwa na miaka minane ungeweza kuwa unafagia barabara ile Jumamosi na kuzunguka Ijumaa Kuu na watoto wenzako. Mimi ndiye niliyefunga mlango huo, na nikaufunga kwa kutumia jina lako. Sikurudi kwa ajili yako. Nilirudi kwa kiburi, kwa uchungu wa kukalishwa kwenye kiti. Wewe ulikuwa tu sababu nzuri ya kusema mbele za watu.

Nilipofika Arua ulijificha nyuma ya bibi yako na ukamwita yeye mama. Ningeweza kupiga magoti nikaanza upya na wewe pole pole. Badala yake nikakuambia, mtoto wa miaka minane, "Mimi nimeacha Ulaya kwa ajili yako." Na nikaendelea kukuambia. Ukivunja kikombe, nimeacha Ulaya. Ukishindwa hesabu, nimeacha Ulaya. Juzijuzi tu, umri wako huu, ulipochelewa kurudi kutoka kwaya, nikakusimamisha hapo uani mbele ya wateja nikakuimbia wimbo huo huo. Ukaingia ndani. Uongo nao ukirudiwa sana mwenye nao huanza kuuamini, na mimi niliuamini mpaka mwaka jana.

Mwaka jana, unakumbuka, walikuja wale wageni wa parokia kutoka kile kijiji, na Bwana Gerhard akiwemo, amezeeka, kofia ile ile. Nilimleta hapa Munuki kwa bodaboda, akashuka anatetemeka, akaona tanuri hili nililolijenga kwa matofali ya kwetu kwa kufuata lile la kwao. Akaingiza kichwa ndani, akarusha kiganja cha unga aone unavyoungua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukakaa na mkate na chai. Nikapiga moyo konde nikamuuliza kwa Kijerumani changu kilichovunjika: kwa nini hamkunipa kibao hata siku moja?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Kibao hakitolewi," akasema. "Ni mzigo. Nani anampa mgeni mzigo? Anayeutaka huja akatia mkono. Hata mke wangu, aliyetoka kijiji cha pili, alitia mkono mwenyewe." Kisha akaongeza, "Tulikuwa tunashangaa. Tulidhani hutaki kukaa na sisi."

Mgeni wa kwetu anangoja jembe. Wenyeji wa kwao wanangoja mkono. Tukangojeana hivyo miaka minne, sote tukiwa na adabu, mpaka nikawakasirikia watu wasio na kosa na kukukatia wewe njia. Aliporudi hotelini nilikaa uani mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauutibu.

Nikaona pia kwamba nilikuwa nalirudia kosa lile lile hapa hapa. Tuliporudi Juba baada ya amani, wale waliobaki mjini wakati wa vita walikuwa wanatutazama kisimani. Yule mama Keji wa nyumba ya kona alikuwa ananiuliza kila mara, "Itakum kan wen?" Nyinyi mlikuwa wapi? Nami nikaudhika, nikajifungia na tanuri langu, nikangoja waniite. Wao ndio walioupasha moto mji huu peke yao, kwa njaa na mabomu, sisi tukaja kuoka. Wiki baada ya Gerhard kuondoka, mumewe mama Keji akafariki. Sikungoja. Nilichukua sufuria na kisu nikaingia jikoni kwa wafiwa bila kusema neno. Mama Keji akasukuma beseni la vitunguu kwa mguu likanifikia, akasema, "Gata kwes." Kata vizuri. Nikakata, machozi yakanitoka na hakuna aliyenipeleka kwenye kiti. Lile swali hajaniuliza tena.

Basi, ukifika, watakupa kiti. Watakupa zamu ya tatu. Watafanya hivyo kwa mapenzi, na wewe ni binti yangu, mwenye haya kama mimi, utasema asante na utakaa. Kaa siku mbili. Siku ya tatu ingia pale jioni ya kura, hata kama hakuna aliyekuita, na utie mkono. Ukipata namba ya kwanza mkate wako utaharibika, nakuambia kabisa, hata mimi ninayeoka kila siku ungeniharibikia. Uupeleke hivyo hivyo mezani.

Sasa jibu lako. Ninataka urudi. Nisikudanganye tena kwa kujifanya mkubwa. Ninataka niamke nikusikie ukigombana na ndoo. Ninataka uolewe hapa karibu, niwachoshe wajukuu. Ukinipigia simu mwaka ukiisha ukaniuliza, koo langu litataka kusema taal, na huenda likasema. Usilisikilize. Huna deni kwangu la kurudi, kwa sababu mimi sikukurudia wewe. Rudi ikiwa hapa ndipo unapotaka kuamka alfajiri uwashe moto. Kama ni kule, kaa kule, usome, uwaoshe bibi zao, uzikwe na jirani zao siku yako ikifika. Nitalia, Kiden, na Mama Nakato atafurahi hatimaye. Lakini nitalia kama mama yeyote ambaye mwanawe yuko mbali, si kama mtu aliyeibiwa.

Nasikia bodaboda inasimama, na hicho ni kicheko chako. Nitaichomeka barua hii kwenye begi chini ya nguo, uikute ukiwa umeshafika. Kesho uwanja wa ndege sitaweza kusema hata moja ya haya. Nitakurekebisha kola, nitakuambia umekonda, na nitaondoka kabla hujaanza kupanda ngazi za ndege. Usidhani nimekasirika.

Mama yako,
Meri